Maua ya Mzunguko wa Tatu

Katika mji ambao jina lake lilishaanguka palikuwa na Jumba la Chai, na ndani yake meza moja ya duara iliyowazidi umri wote waliowahi kuikalia. Watu hawakwenda pale kusikiliza muziki. Walikwenda kusengenyana, na muziki ukawakuta huko huko. Bi Mgeni, mwenye jumba, mwanamke wa kiuno kipana na sikio pana zaidi, alikuwa akisema kwamba chai isiyo na habari ya mtu ni maji ya moto tu. Akimimina kikombe hiki anaokota neno, akimimina kile anadondosha neno, na kufikia alasiri mji mzima umeshajua nani kamwacha nani, na aliyeachwa ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kwenye meza ile ndipo Mwalimu Guan alipowaketisha vijana wanne. Alikuja asubuhi moja kutoka Uchina, unakotoka muziki wake, kabeba masanduku marefu kama majeneza ya watu wembamba, akaondoka jioni ya siku ile ile kwa mlango ule ule. Lakini kati ya asubuhi na jioni vijana walikuwa wamekwisha kujifunza miaka saba. Machano aliingia kidevu kitupu, akatoka na ndevu. Kilua aliingia ana mchumba, akatoka keshamsahau jina. Hakuna aliyeshangaa. Muda katika mji ule ulikuwa kama mgeni asiye na haya: ukipenda unalala siku tatu, usipopenda hata maji haunywi.

Aliwaachia ala nne. Machano alipewa dizi, filimbi ya mwanzi yenye tundu moja la ziada, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mwembamba wa ndani ya tete kwa maji ya kitunguu saumu. Utando huo ndio unaoifanya filimbi ilie kama ina siri na inatafuta wa kumwambia. Basi Machano alinuka kitunguu saumu mwaka mzima, na wasichana wakamsamehe kwa sababu ya ile sauti. Kilua akapewa pipa. Jina hilo lilichekwa wiki nzima, maana pipa la mji ule lilikuwa la kutekea maji. Kumbe hili ni gambusi la umbo la parachichi lililopasuliwa, linalopigwa kwa kucha za bandia zilizofungwa vidoleni. Hemedi, mnene, mpole, wa kucheka kabla kichekesho hakijafika, akapewa guzheng, ubao mrefu wa nyuzi ishirini na moja. Wapiga taarabu waliuzunguka ubao ule wakasema, huyu ni shangazi yake ganuni, kaolewa mbali.

Na Siwema akapewa erhu.

Fidla ya watu wengine, upinde unauinua, unauweka, unakwenda nao unakotaka. Upinde wa erhu hauna pa kwenda. Nyuzi ni mbili tu, na upinde umepitishwa katikati yake tangu siku ya kwanza. Ukiusukuma unaugusa uzi huu, ukiuvuta unaugusa ule, na ukitaka kuutoa lazima uivunje ala yenyewe. Chini pana kingoma kidogo kama kikombe, kimewambwa ngozi ya chatu. Siwema aliipokea akaitazama akasema hii ni mimi. Alikuwa msichana wa kujijua. Alikulia uwanjani, akasomeshwa na vibaraza na foleni za maji, na mdomo wake ulikuwa ukifika kila nyumba kabla yake. Akiketi kati ya watu wawili waliogombana, huyu anamsugua kidogo, yule anamsugua kidogo, na kabla ya chai kupoa wote wawili wanaimba. Aliamini, na hakuona sababu ya kuficha, kwamba yeye ndiye mpigaji bora wa meza ile.

Sasa, wimbo. Mwalimu Guan aliwafundisha mmoja tu kwa miaka yote saba, na huo mmoja haukuisha. Alisema wimbo una mfupa, na mfupa ni wa wote; kila mmoja huuvika nyama yake. Filimbi itatetemesha hapa, pipa litamwaga mvua pale, erhu itapanda kwa kuteleza pale ambapo wengine wanapanda kwa ngazi. Hayo aliyaita maua. Wimbo huzungushwa mara tatu. Mzunguko wa kwanza ni mfupa, wa pili majani, wa tatu maua. Na sheria ya meza ni moja: mwenzio akijaza, wewe punguza, mwenzio akipunguza, wewe jaza. Hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo. Wanaketi kuizunguka meza, nyuso kwa nyuso, migongo kwa watu, kila mmoja anasoma bega la mwenzake na pumzi yake. Wasikilizaji wanaotaka kusikiliza, wasikilize. Wanaotaka kusengenya, wasengenye. Hata hiyo, alisema Mwalimu Guan, ni sehemu ya chai.

Hayo yangetosha kuwa maisha, kama si Karani wa Majina.

Mamlaka ya mji ule haikuwa ikichukia nyimbo. Tusiisingizie. Kilichoikosesha usingizi ni kitu kisicho na shingo. Kitu chenye shingo unakishika, unakielekeza, unakiuliza, na kikikujibu vibaya unakibana. Wimbo wa watu wengi hauna shingo. Unaushika huku unatokea kule. Ndipo ikaandikwa sheria ya maneno matano: jina moja kwa wimbo mmoja. Karani anakuja, anasikiliza, anamwandika mwenye wimbo katika Daftari Kubwa, na wengine wote waliotia sauti zao ndani ya wimbo ule majina yao yanaanguka. Yanaanguka kweli, sakafuni, kwa kishindo kidogo kama cha ndizi mbivu, na mfagiaji anayafagia. Siku ya tatu sura nazo zinafuata.

Mji ulikuwa na mfano hai. Wapiga ngoma wa Mtaa wa Chini walikuwa kumi na wawili. Karani akaandika Shaali. Sasa wote ni Shaali, wana pua moja, wanakohoa pamoja. Wake zao wanawatia alama ya wanja nyuma ya sikio, na hata hivyo, kwa mujibu wa Bi Mgeni, mmoja alichelewa kununua wanja na yaliyotokea yametokea. Lakini habari ya kweli, ile ambayo hata Bi Mgeni aliisimulia kwa sauti ya chini, ilikuwa ya Shaali wa asili, yule aliyeandikwa, aliyeshinda. Alikuwa akikaa juu ya jiwe penye njia panda, akiwauliza wapitao, kwa adabu, kama yeye ndiye au ndiye yule anayekuja.

Habari zikafika kwamba Ijumaa, baada ya alasiri, Karani atakuja Jumba la Chai kuuliza wimbo ni wa nani. Kipimo chake kilijulikana: atakayetoa maua mengi zaidi mzunguko wa tatu ndiye mwenyewe.

Siwema hakuogopa. Alijipanga. Aliandaa mteremko wa maua ambao haukuwahi kusikika, vidole vikishuka uzi wa ndani kama mtu anayekimbia ngazi na bakuli la mchuzi mikononi bila kumwaga tone. Atachukua mzunguko wa tatu wote. Wenzake atawasikitikia baadaye, kwa heshima zote. Maana lililokuwa mbele yake lilikuwa wazi kama sahani: ama abaki Siwema, ama aamke siku ya tatu ana sura ya Kilua, au ndevu za Machano, au, Mungu apishe mbali, shingo ya Hemedi.

Asubuhi ya Ijumaa Kilua alimsuka nywele, kama Ijumaa zote. Walisema habari za watu kwanza, maana hakuna aliyewahi kufa kwa kuchelewesha la muhimu. Walimsema Machano na msichana wa duka la vitambaa, wakamsema msichana, wakavisema na vitambaa. Kilua alipofika kwenye msuko wa mwisho mikono yake ikapunguza mwendo.

"Mzunguko wa tatu nitakupisha," alisema.

"Nani kakuomba?"

"Hakuna. Ila sura yako, shoga, mimi naweza kuivaa. Wewe yangu ungeichana."

Siwema alicheka, akamwambia ataivaa vibaya, ataiweka upande, watu watasema Siwema siku hizi kapinda. Kilua akacheka naye. Kisha akaufunga msuko ule wa mwisho kwa uangalifu mno, kama mtu anayefunga barua, na Siwema akahisi ngozi ya kichwa inamvuta mpaka kwenye nyayo.

Ukafika wakati. Jumba lilijaa hata waliokuwa hawajazaliwa wakapata pa kusimama. Vikombe vilipita juu ya vichwa. Shaali sita walikaa benchi moja wakipuliza chai kwa pamoja. Karani wa Majina aliingia na Daftari lake limebebwa na watu wawili; mwenyewe alikuwa mtu mdogo, nadhifu, wa sauti kavu, asiye na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililowatisha watu. Alitazama meza. Akaagiza vijana wageuke wakae safu moja, wamwelekee, apate kuwaona.

Siwema ndiye aliyejibu, maana nani mwingine. "Meza hii haigeuki, mzee. Ukitaka nyuso zetu, zunguka."

Jumba likavuta pumzi. Karani alifikiri, akazunguka. Akafika upande ambao Siwema haonekani. Akazunguka tena, Machano akapotea. Kila alipopata uso mmoja alipoteza mwingine. Mwisho akavuta kigoda, akakaa pale pale mezani, kati ya Hemedi na Kilua, Daftari limefunguliwa mbele yake, kalamu mkononi. Alikuwa mtu wa kwanza wa serikali kukaa kwenye meza ile, na Bi Mgeni, kwa mazoea ya mkono tu, akamwekea kikombe.

Wakaanza.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda kama maji yanavyokwenda yanakokujua. Watu wakaendelea na habari zao. Mzunguko wa pili majani yakatoka: filimbi ikatetemesha, guzheng ikaviringisha, pipa likanyunyiza, erhu ikapita katikati yao ikisugua huku na kule. Karani aliinamisha kichwa, kalamu ikagusa karatasi, ikangoja.

Na hapo, kabla ya mzunguko wa tatu, kuna pumzi. Pumzi moja, wote wanne. Siwema alijaza kifua. Mteremko wake ulikuwa tayari vidoleni, unamwasha. Akaliangalia bega la Kilua. Likashuka. Kucha zikainuka kutoka kwenye nyuzi, zikatulia. Kilua ametimiza. Mlango umefunguliwa, nyumba nzima ni yake.

Ingia.

Naingia. Mimi ndiye. Siwema ni nani? Ni mimi. Siku ya tatu Siwema ni nani? Mimi, na yule, na yule, na yule. Vizuri. Tutakaa wanne. Chai itamiminwa. Nitasema, mmesikia ya Machano? Machano yupi. Nitasema, Kilua kakonda. Kilua yupi. Watanitazama kwa macho yangu. Kila ninalolijua wanalijua. Nitasengenya na nani? Mtu hawezi kujisengenya peke yake, inakuwa toba. Nani atanisuka? Nitanisuka. Nani atasema kwamba nimepinda?

Ukiwa wewe ndiwe watu wote, wewe huna pa kusikika.

Hakuamua. Kuamua kunataka muda, na muda siku ile ulikuwa umekwenda kukaa kwa watu. Vidole vyenyewe viliacha mteremko na kushika mfupa, noti moja ndefu, kavu, isiyo na hata jani, ili Kilua aone nafasi na aijaze.

Lakini Kilua alikuwa amekwisha kupunguza. Na Machano, aliyeona mabega ya wasichana wote wawili, akadhani Hemedi ndiye anayejaza, akapunguza. Na Hemedi, mpole yule, alikuwa ameamua tangu alfajiri kwamba hataki mtu yeyote duniani aamke na shingo yake, akapunguza. Wote wanne wakatua juu ya mfupa kwa mara moja. Mwalimu Guan aliwafundisha miaka saba kusikilizana. Hakuwafundisha la kufanya siku ambayo wote wanasikilizana kwa pamoja.

Lilikuwa kosa, na kosa kubwa, la aina ambayo watu wasiopendana hawawezi kulifanya. Wimbo ukasimama uchi katikati ya jumba. Mazungumzo yakakatika. Vikombe vikabaki njiani kati ya meza na mdomo. Ilikuwa kama kufungua mlango ukamkuta mtu anaoga. Na watu wa mji ule, kwa umbeya wao wote, walikuwa na adabu. Mtu akiwa uchi, hatazamwi. Anafunikwa.

Wa kwanza alikuwa Bi Mgeni. Aligonga kijiko ukingoni mwa kikombe, mara tatu, pale hasa ambapo pipa humwaga mvua. Mwanamke wa mlangoni akaghuna kwa pua pale ambapo filimbi hutetemeka. Muuza kashata akaigonga sinia. Shaali sita wakapiga mapaja, na kwa mara ya kwanza tangu majina yao yaanguke hawakupiga pamoja: huyu aliwahi, yule alichelewa, wa tatu akaupisha mkono wake ukae katikati. Kumbe miaka yote ile, mji ulipokuwa ukisengenya, wimbo ulikuwa ukiingia kinywani pamoja na chai. Kila mtu alikuwa na ua lake na hakujua. Mmoja aliweka kicheko chake. Mwingine, aliyeachwa na mume na kuambiwa wa mwisho, aliweka kilio kidogo kilichonyooka kama uzi, na hakuna aliyemtazama, walimpisha tu. Mwenzao akijaza, walipunguza. Akipunguza, walijaza. Nani aliwafundisha? Wapi uliisha wimbo na wapi ulianza mji? Siwema alishikilia mfupa wake, akiwa na furaha ya mtu aliyebeba mwisho wa kamba na kuona upande wa pili watu elfu wanavuta.

Mzunguko ukaisha.

Karani wa Majina akasafisha koo. Akauliza, kwa sauti yake kavu, wimbo huu ni wa nani. Akashusha kalamu. Kalamu haikuandika. Alimtazama Bi Mgeni, akaitazama sinia, akawatazama Shaali, ambao walikuwa wakitazamana kwa mashaka mazuri.

"Andika mmoja," Siwema alimwambia, polepole, kama anavyosema na waliogombana. "Sheria ni yako. Ila waliotia sauti wote majina yao yanaanguka. Na wewe mzee, hicho kidole chako kilikuwa kinagonga nini mezani?"

Karani alikitazama kidole. Kilikuwa bado hakijatulia. Watu waliokuwa karibu walithibitisha, na waliokuwa mbali wakathibitisha zaidi: kidole kiligonga mzunguko wa tatu wote, na kwa usahihi.

Akawaza. Watu waliona anawaza, maana sikio lake lilibadilika rangi. Akasema, kana kwamba anaongea na Daftari, kwamba katika hali hiyo anaweza kujiandika yeye mwenyewe.

"Jiandike," alisema Siwema. "Siku ya tatu sote tutakuwa karani. Utamwandika nani? Utamwamuru nani anyamaze, na kila atakayenyamaza ni wewe?"

Lilikuwa jambo la kweli, nalo lilimfika mtu yule mdogo mahali ambapo hajawahi kufikiwa. Alikaa na kalamu yake hewani kwa muda ambao wengine wanasema ulikuwa kitambo kifupi, wengine wanasema watoto wao walianza kutembea. Kisha akaugeuza ukurasa ubavu, ili mstari wa wimbo mmoja utoshe majina mengi, lisianguke hata moja, akamtazama Bi Mgeni, akamuuliza jina lake kamili ni nani.

"Langu la ubatizo wa mtaani au la nyumbani?"

"Yote."

Basi mji ukasimama. Foleni ikatoka mlangoni, ikazunguka jumba, ikarudi kuingia kwa mlango wa jikoni. Watu walisukumana, wakatukanana kwa upendo, wakasingiziana kuruka foleni. Siwema, kwa haki yake aliyoiona wazi, alikwenda moja kwa moja mbele, akanyoosha shingo juu ya Daftari, akaanza kutaja jina lake. Bi Mgeni akamshika bega akamgeuza. Akamwambia hapa hapana erhu wala mpigaji bora, akapange nyuma kama wenzake.

Siwema akaubeba mdomo wake ule uliowahi kufika kila nyumba, akaupitisha mbele ya foleni nzima. Akaenda nyuma. Kilua alikuwa mbali mbele, kati ya muuza kashata na Shaali mmoja, akimpungia kwa kucha zake za bandia, na alikuwa anacheka kabisa. Mbele ya Siwema palikuwa na mzee mfupi wa kanzu iliyofifia, ambaye hakuwahi kumwona. Mzee aligeuka, akamsalimu kwa haya, akamwambia kwamba hata hajui kama anastahili kusimama pale, maana yeye hakuimba wala hakugonga.

"Mimi nilikohoa tu," alisema.

Siwema akamtazama vizuri. "Ulikohoa pale mwishoni, kabla filimbi haijashuka?"

"Pale."

"Kaa hapo hapo, babu," akamwambia, akasogea nyuma hatua moja kumpa nafasi. "Bila pale tungeanguka."